Siku moja maishani mwangu: Kibosho, kwenye makaratasi ya Mzee

Kazi yangu ni kupanga nyaraka. Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu Tabora, nikafanya kazi masijala hapa Moshi mjini, na sasa nashughulikia makaratasi ya marehemu mmoja wa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Alikuwa mwandishi wa habari. Kwa watu wa huku mlimani alikuwa pia ndiye wa kuulizwa ukitokea ubishi kuhusu nani alikuwa mangi, yaani chifu, wakati gani, au shamba la misheni lilipimwa na nani. Familia imeomba jina lake lisitajwe mpaka kazi iishe, kwa hiyo hapa nitamwita Mzee, kama ninavyomwita nikiwa nyumbani kwake. Wengi huniuliza nafanya nini huko kutwa nzima. Hii ni siku moja ya wiki iliyopita.

Saa 11 na nusu alfajiri

Mvua imenyesha usiku kucha hapa Majengo. Masika yakikolea namna hii, wazo langu la kwanza nikiamka ni kile chumba cha Kibosho, kwa sababu karatasi huvuta unyevu wa hewa, na pakiwa na unyevu ukungu hauchelewi. Naangalia begi: penseli laini, brashi pana ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, vitambaa vya pamba, glovu za kushikia picha, bahasha, kamba ya pamba, kipimo cha unyevu, kompyuta mpakato. Kalamu ya wino inabaki nyumbani. Wino ukimwagika juu ya barua ya mwaka 1953 hakuna wa kuurudisha kwenye chupa.

Makaratasi ya kawaida nayashika kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Glovu ni za picha na negativu tu, maana jasho la kidole huacha alama isiyofutika. Kwenye karatasi kuukuu glovu zinakunyima uwezo wa kusikia kona inapoanza kuchanika.

Saa 2 asubuhi

Daladala ya Kibosho imejaa mapema, na barabara ya juu ina tope. Nashuka, napanda kwa miguu katikati ya migomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa. Ingia kwanza jikoni ukauke, ndiyo uende kwa mume wangu."

Hivyo ndivyo Bibi anavyokiita kile chumba. Nakunywa chai ya maziwa karibu na moto, anaulizia hali ya mama yangu, namweleza, halafu ananipa ufunguo.

Mzee alijua kuhifadhi kuliko ofisi nyingi nilizopita. Tranka la bati liko juu ya matofali, halijagusa sakafu wala ukuta. Miguu ya meza ameisimamisha ndani ya makopo yaliyokuwa na oili chafu, mchwa wasipande. Kabati la vioo lina magazeti yaliyofungwa kwa mwaka. Kisha kuna magunia ya kahawa, manne, yamening'inizwa kwenye boriti, na ndani yake mabunda ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Magunia haya ndiyo familia nzima iliyoyaita takataka nilipofika.

Naandika kiwango cha unyevu kwenye daftari, nafungua dirisha la upande usio na mvua, naanza.

Saa 3 hadi saa 6

Kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba makaratasi ya mtu mmoja hayachanganywi na ya mwingine. Ya pili ni kwamba mpangilio alioacha mwenyewe hauvunjwi kabla hujauelewa. Ukiingia kwenye chumba kama hiki, mkono unataka kutenganisha: historia huku, magazeti huku, mambo ya nyumbani kule. Mzee hakufanya hivyo. Alifunga kwa misimu ya kahawa. Bunda moja, msimu mmoja, na ndani yake kila kilichopita mezani kwake msimu huo.

Leo nimefungua bunda la 1976. Juu kabisa kuna stakabadhi za kahawa. Chini yake daftari dogo la ripota, lile la waya juu. Kisha nakala za kaboni za habari alizopeleka gazetini, barua mbili kutoka kwa mdogo wake aliyekuwa Tanga, kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, na karatasi ya ada ya shule.

Stakabadhi zimebanwa kwa pini ya stepla iliyoota kutu, na kutu imeshaanza kuila karatasi. Pini ya namna hii haivutwi. Unaingiza kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi upande wa nyuma, unainua miguu yake mmoja mmoja kwa kisu butu, unageuza, unaitoa taratibu kutoka mbele. Inachukua dakika kadhaa kwa pini moja. Kipande cha gazeti nakifungua kwenye mikunjo kwa brashi, kikiwa kimeegemea ubao. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa vitu vinavyogeuka asidi. Ndiyo maana huwa ya kahawia, hukatika kama mkate mkavu, na huambukiza hata karatasi nzuri iliyolala karibu nayo. Naipiga picha, kisha naiweka kwenye bahasha yake peke yake, na namba ileile ya bunda.

Sasa kilichomo. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Kwa zaidi ya miaka 40 jina hilo ndilo lililokuwa juu ya stakabadhi, kwenye magunia, kwenye jengo kubwa la mjini, na kwenye ada za watoto. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Ununuzi wa mazao ukahamia kwenye vijiji na mamlaka za mazao. Ushirika haukurudi mpaka sheria ya mwaka 1982.

Kwenye nakala za kaboni, habari hiyo Mzee ameiandika kwa aya tatu, tangazo lilivyokuja, bila neno la mkulima hata mmoja. Ukisoma hizo tu utasema hakujali, au hakuona. Lakini karatasi zilizo chini yake zinaeleza zaidi. Stakabadhi zinabadilika kichwa. Kwenye daftari ameandika mazungumzo na wazee wa kijijini waliokuwa wakiuliza kahawa waliyokwisha kupeleka italipwa na nani. Barua ya mdogo wake inamjibu kuhusu jambo hilohilo, kwa hiyo ni wazi kwamba alimwandikia nduguye kile ambacho hakukiandika gazetini. Na ile karatasi ya ada ina deni la muhula mzima.

Ukizitenga hizi, stakabadhi zikaenda kwenye faili la nyumbani na ada ikaenda motoni, utabaki na aya tatu za gazetini. Hizo zipo hata maktaba. Kilichoko Kibosho peke yake ni kwamba zote zimekaa ndani ya fundo moja.

Saa 6 mchana

Mtoto wa kwanza wa Mzee amefika kutoka Arusha. Nyumba hii, kwa desturi ya huku, ni ya kitinda mimba, lakini neno la mkubwa lina uzito, na mkubwa hapendi magunia. Amesimama mlangoni, akatazama meza.

"Mwanangu, hizi stakabadhi nazo unazipiga picha? Historia ya wamangi sawa, hiyo tutaitoa kitabu. Hizi tungechoma tu, Mama apate chumba."

Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Bibi anahitaji chumba kweli. Na watu wengi wakisikia mwanahistoria wanafikiria miswada iliyopigwa taipu, si ada.

Nikamwambia habari za Nathaniel Mtui wa Marangu, ambaye zaidi ya miaka 100 iliyopita aliandika kwenye daftari historia za wamangi wa mlima huu. Waliotaka kuandika historia ya Wachagga baadaye, akiwemo Kathleen Stahl aliyetoa chake mwaka 1964, walizitegemea daftari zile. Tunamshukuru Mtui kwa alichoandika. Lakini ningetoa mengi kujua pia alilipwa nini, alikopa kwa nani, nani alimnyima habari. Daftari lililobaki peke yake halijibu maswali hayo.

Hakushawishika. Alivuta kiti hata hivyo, akachukua ile karatasi ya ada, akaigeuza. Nyuma kuna hesabu ya penseli ambayo nilikuwa nimeinukuu jinsi ilivyo bila kuielewa: "Ng. 2, mnada", na kiasi cha fedha kando.

"Hawa ni ng'ombe," akasema. "Wawili. Mimi ndiye niliyewaswaga mpaka mnadani na Baba mdogo. Ada ilikuwa yangu. Tuliambiwa fedha ya kahawa haijatoka."

Basi nikachukua penseli, nikamwomba aanze upya polepole. Ng'ombe wa rangi gani, walipita njia ipi, walifika saa ngapi, nani mwingine wa kijiji alikuwa anauza wake siku hiyo. Alisema mnada ulijaa watu wa mlimani, na kwamba bei ilianguka kwa sababu kila mtu alikuja na ng'ombe. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi mpya, nikaweka tarehe ya leo na jina la msimuliaji, nikaiweka ndani ya bunda la 1976 na alama kwamba imeongezwa na mimi, isije ikadhaniwa ni ya Mzee.

Kuhusu bili za umeme za miaka ya 1990 tukafika mahali. Bili ya kwanza kabisa inabaki, na kwa kila mwaka unaofuata nabakiza mwezi mmoja. Zilizosalia zitaondoka. Nakubaliana naye kabisa kwa hilo. Kutunza si kubeba kila kitu, na bili 12 za mwaka mmoja zinasema jambo moja.

Saa 8

Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, kwa wenyewe. Mimi maji.

Saa 9 alasiri

Huu ndio wakati ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu Bibi hukaa nami.

Mzee alirekodi wazee kwenye kaseti, nyingi kwa Kichagga cha Kibosho. Kaseti siziweki kwenye redio na kubonyeza tu. Kwanza naangalia kama kile kisponji kidogo kinachobana utepe kwenye kichwa cha redio bado kipo, maana gundi yake hukauka kikadondoka. Nasafisha vichwa vya mashine kwa spiriti na pamba. Naisokota kaseti yote mbele na nyuma mara moja ili utepe ulegee. Ndipo naicheza mara moja tu, ikiingia moja kwa moja kwenye kompyuta katika faili la WAV, lisilobanwa. Utepe wa zamani huenda usikupe nafasi ya pili.

Kaseti ya leo imeandikwa ubavuni "Bibi wa juu, Sina". Hakuna tarehe wala jina. Sina ni yule mangi wa Kibosho mwenye ngome ya mawe, aliyepigana na Wajerumani wa kamanda Wissmann mwaka 1891. Mwanawe Molelia alinyongwa pamoja na Mangi Meli wa Old Moshi na wengine tarehe 2 Machi 1900. Kila mtoto wa huku amesikia majina hayo. Sauti ya mtu aliyeyasikia kwa mama yake mzazi ni jambo jingine.

Mwanamke mzee anaanza kusema. Bibi akainua mkono kabla hata sentensi ya kwanza haijaisha.

"Namjua. Alikuwa anakaa juu, karibu na msitu, nyumba ya mwisho. Sikiliza, anavuta pumzi kabla ya kutaja jina la baba mkwe wake. Hakuwahi kulitaja bila kuvuta pumzi, adabu yake."

Tukarudisha faili kwenye kompyuta, tukasikiliza tena. Kweli, pumzi ipo. Akanipa jina lake, la mume wake, na la ukoo aliotoka.

Kisha kuna kitu kingine ambacho mimi nilikichukulia kama kelele ya mashine ya kurekodia: mlio wa kukwaruza unaozunguka, unasita, unazunguka tena, nyuma ya maneno. Bibi akacheka.

"Hiyo ni mashine ya kumenyea kahawa. Kuna mtu anazungusha mpini uani. Anasita akiongeza kahawa."

Kahawa huku huvunwa kuanzia Julai hadi karibu na Krismasi, na buni mbivu humenywa siku ileile ilipochumwa. Kwa hiyo mahojiano haya yalifanyika kipindi hicho cha mwaka. Bibi akaongeza kwamba mwanamke yule alifariki kabla kifungua mimba wa Bibi hajaoa, na mwaka huo tunaujua. Nikawa na msimu, na nikawa na mwisho wa kukisia mwaka. Yote hayo yametoka kwenye kaseti isiyo na tarehe, kwa sababu mjane wake yuko hai na anasikia vizuri. Nawasihi wote wenye kaseti za babu zao: msingoje kwanza mpate mashine nzuri. Mkalisheni bibi karibu na hata redio ya kawaida ya jirani, mradi vichwa vyake vimesafishwa, anayeandika awe pembeni, mpeni kila jina nafasi ya kutajwa. Utepe unaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi. Bibi hana ahadi hiyo.

Kwenye simulizi lenyewe nimesikia habari za kuchimba mahandaki na za wanawake kupeleka ndizi usiku. Kulitafsiri itachukua siku kadhaa, na sitaki kusema hapa zaidi ya nilichokwisha kukihakiki na Bibi neno kwa neno.

Saa 11 jioni

Bahasha ngumu. Ndani ya bunda jingine kuna barua za ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ramani aliyochora Mzee kwa mkono, masale, ile mimea ya mpakani ambayo pia ni ishara ya kuombana msamaha, yamewekewa alama moja moja kuonyesha mstari ulipopita. Kwa mwanahistoria hii ni dhahabu. Lakini wajukuu wa upande wa pili wapo, wanasali kanisa moja na Bibi, na ugomvi ulikwisha kwa masale na kwa mbege kama inavyotakiwa.

Nimewakalisha Bibi, mkubwa na kitinda mimba, nikawaeleza ninayoyajua. Nyaraka za Serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, ila hizi ni za nyumbani, na uamuzi ni wao. Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na wanaotajwa humu ni watu wenye haki zao. Pia maandishi ya Mzee, hata yakipelekwa maktaba, haki yake ya kunakili inabaki kwa warithi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kumpa mtu karatasi hakumpi ruhusa ya kuzichapa. Lazima iandikwe hati, isainiwe na wote, kabla boksi hata moja halijatoka nyumbani.

Mkubwa alitaka barua zile zichanwe. Kitinda mimba alitaka ziachwe wazi. Bibi ndiye aliyeamua: zifungwe, na zisifunguliwe mpaka mwaka 2055. Nimezitia kwenye bahasha, nimeandika mwaka huo kwa penseli juu yake na kwenye rejista, wote watatu wametia saini juu ya kifuniko. Ramani imeingia humo humo. Nimeumia kuifunga, na bado naona Bibi ameamua sawa. Tukifungua siri za jirani leo, kesho hakuna mzee wa Kibosho atakayenifungulia tranka lake.

Saa 2 usiku

Niko mjini, naingiza kazi ya leo kwenye rejista: namba ya bunda, kilichomo, hali yake, kilichoongezwa, kilichofungwa. Picha na sauti nazihifadhi mahali patatu, kompyuta, diski ya nje hapa nyumbani, na diski nyingine inayokaa kwa kitinda mimba, ili nyumba moja ikiungua zisiondoke zote.

Kesho naanza na boksi la negativu. Nilipolifungua jioni lilinukia siki, na harufu hiyo ina maana filamu zimeanza kuoza na zinaziharibu za jirani yake. Hizo haziwezi kungoja zamu.

Na nina ombi. Mzee alianza kuandika kwenye Komkya, gazeti lililokuwa likitolewa hapa Moshi na Baraza la Wachagga katika miaka ya 1950, enzi za Mangi Mkuu Thomas Marealle. Kabatini lipo lakini lina mapengo. Habari zake za mwanzo nimeziona kwenye miswada tu, sijaziona zilivyochapwa, na nataka kujua mhariri alikata nini. Miaka ninayoitafuta zaidi ni ile ya karibu na kura ya 1960, Wachagga walipoamua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, akawa Solomon Eliufoo. Kama nyumbani kwenu Machame, Uru, Marangu au Rombo kuna nakala, hata ukurasa mmoja uliofungia sahani kabatini, usiibandike kwa selotepu wala kuipeleka kuwekewa plastiki ya moto. Iache ilivyo, ipige picha kwenye mwanga wa dirisha, pande zote mbili, niandikie hapa chini. Nitakuja mwenyewe, na karatasi yenu haitatoka nyumbani kwenu.